Tenti Moja kwa Wakwe

Turubai la tenti likikunjwa likiwa limelowa mvua, kisha likakaa ndani siku kadhaa, siku ya kufunguliwa hutoa harufu ya peke yake. Ni plastiki, ni uvundo, ni nyasi zilizokanyagwa, na juu yake mafuta ya jenereta. Niliinusa tena majuzi kule Petta tulipokuwa tunamzika baba. Kabla padri hajafungua kitabu chake, mimi nilishafika Dabani, mtoto mdogo mwenye mfuko wa nailoni mapajani, nikingoja jina langu litajwe.

Tangu siku hiyo sijapumzika. Wageni wa matanga wameondoka, nimerudi Tororo kwenye shule ninayofundisha, mitihani ya wanafunzi imerundikana mezani, na simu kutoka chuo kikuu haikomi. Anayepiga ni dada mmoja mwenye sauti ya upole. Wanaandaa mhadhara wa wazi wa kumkumbuka baba, mwanahistoria aliyekitoa chuo nje ya geti lake akakipeleka kwa wananchi, ndivyo anavyosema, na wangependa mtu wa familia azungumze kidogo. Ananiuliza kama nimepata mada. Namwambia bado naifikiria. Simu ikikatika nakaa tu palepale, nimechoka hata kuinuka nikachemshe chai, na ninachokifikiria si kitu anachoweza kukiandika kwenye kadi ya mwaliko.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, huko Dabani upande wa Busia ya Uganda. Mama alifariki nikiwa sijaanza kutembea vizuri, wakamzika Petta kwa akina baba kama inavyotakiwa, na mimi nikaachwa kwa bibi mpaka baba amalize masomo. Masomo ya baba hayakuwa na mwisho. Alimaliza digrii moja akaanza nyingine, akaenda ng'ambo akarudi, na aliporudi akawa mwalimu wa chuo huko Kampala. Kwa watu wake, Wapadhola, mimi ni Akoth. Kwa bibi, ambaye alikuwa Msamia, mimi ni Nafula. Majina yote mawili maana yake mtoto wa mvua, kwa hiyo angalau juu ya hali ya hewa ya siku niliyozaliwa pande mbili zilielewana.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye miguu iliyovimba jioni. Alilima muhogo na wimbi, na alikuwa na tabia ya kuongea na sufuria akipika kana kwamba limemkosea. Boma lake lilipakana na uwanja wa shule ya msingi. Tuliishi naye humo pamoja na mwanawe, Mjomba Wandera, ambaye kazi yake ilikuwa kukodisha tenti, viti vya plastiki na spika. Ukifiwa Dabani, unamwita padri na unamwita Mjomba Wandera, na mara nyingi mjomba ndiye aliyefika kwanza.

Kazi ya mjomba ilinifundisha mapema jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua bila kufundishwa. Mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Ndiyo maana hakuna shughuli yenye tenti moja. Harusi ni tenti mbili, msiba ni mbili au zaidi, na ile ya wakwe husimamishwa mbali na kugeuzwa mgongo. Mjomba hakuhitaji kuulizwa. Alipofika mahali alitazama upepo unatoka wapi, jiko liko wapi, na wakwe watapitia wapi, ndipo akaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

Jambo la pili nililijifunza mwenyewe, na hapo ndipo nilipopotea. Nilikuwa na rafiki, Ajambo, jirani yetu, ambaye naye alikuwa analelewa kwa watu wa mama yake. Siku moja wakaja watu wa baba yake kutoka mbali, wanaume wamevaa makoti juani. Wakakaa chini ya tenti. Mmoja wao akasimama akasema maneno marefu sana kuhusu mababu, ukoo ulitoka wapi, ulivuka mto upi, nani alimzaa nani. Mtu wa upande wa pili akajibu kwa maneno marefu vilevile. Watu wakapiga makofi, wakala, na mwisho Ajambo akatolewa ndani, ameoga, ana kimfuko chake, akapewa wale watu wakaondoka naye. Sikumwona tena. Basi nikajua mtoto huombwa hivyo.

Kwa hiyo gari la chuo lilipokuja kwa mara ya kwanza uwanjani, likateremsha wanaume wenye makoti, na mmoja wao akawa baba yangu, mimi sikuhitaji kuelezwa. Nilikimbia nikaoga.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka mihadhara ile, kama kwenu pia ilifika. Chuo kilikuwa kimeamua kwamba elimu ya historia, lugha na mila isifungiwe darasani. Wakaanza kutembea Jumamosi, leo Dabani, mara nyingine Rubongi, mara nyingine Petta, wanafunga bango, wanawasha jenereta, wanaongea na wananchi. Sisi watoto tulipenda soda na mkate. Wakubwa walipenda kutajwa. Mtu aliyekuwa amelala nusu ya mhadhara aliamka mara moja akisikia jina la ukoo wake kwenye spika.

Lakini chuo kiliomba tenti moja. Mjomba aliwaambia hapa tenti moja haitoshi, wakamjibu kwamba watu watatosha wakibanana. Hakubishana na mteja. Matokeo yake yalikuwa kichekesho. Wanaume waliooa vijijini kwetu walikaa tentini kwa sababu walifika mapema, na mama wakwe zao wote wakaenda kukaa nyuma ya madarasa, wamegeukia ukuta, wakisikiliza. Wengine walirudi nyumbani kabisa. Baadaye mjomba aliwasikia watu wa chuo wakiulizana kwa masikitiko kwa nini wanawake wa Dabani hawapendi historia.

Bibi ndiye aliyekuwa na taabu kuliko wote, maana mkwe wake hakuwa msikilizaji, alikuwa ndiye msemaji. Yeye alibaki jikoni kwetu, akipika wali na kuku wa wageni, na chakula kilipelekwa na watoto. Alimwamuru mjomba ageuze spika moja ielekee bomani. Mjomba akasema watu wa chuo watashangaa. Bibi akasema washangae, kuku ni wake.

Mimi nilikaa kiti cha mbele kabisa na mfuko wangu. Ndani nilikuwa nimeweka gauni la kanisani, chupi, daftari la hesabu, na mche wa sabuni niliouiba jikoni. Baba alisimama akaanza. Alikuwa na Kiswahili cha vitabuni, safi, na mjomba alikuwa anakigeuza kuwa Kisamia huku akiongeza vyake. Baba akasema kuhusu watu waliotoka kaskazini wakifuata maji. Akasema kuhusu watu waliotoka mashariki na samaki wao. Akasema mpaka ulipochorwa haukuuliza mtu, ndugu wakalala Uganda wakaamka Kenya. Niliona anaomba vizuri sana. Yule aliyemwombea Ajambo hakufika hata robo ya maneno hayo. Makofi yalipopigwa nikasimama.

Baba akashuka, akanipa mkono kama anavyowapa wakubwa. Akaniuliza niko darasa la ngapi, nikamwambia. Akautazama mfuko akauliza kama nimetumwa sokoni. Nikasema hapana. Akasema vizuri, nisome kwa bidii, akanipa mkate, na gari likaondoka.

Nilielewa kwamba amenyimwa. Nani aliyemnyima sikujua, ila niliwatazama wazee wa kijiji kwa hasira kwa siku nyingi, hasa mmoja aliyeuliza swali refu la kuchosha kuhusu mipaka ya shamba lake. Nilidhani swali hilo ndilo lililoharibu. Baba aliporudi mara nyingine nikaoga tena, nikakaa mbele tena, makofi yakapigwa nikasimama, nikapewa mkono na mkate. Jumamosi nyingine nikisikia wako Rubongi, nilikuwa silali vizuri kwa wivu. Nilifikiri huko anaomba mtoto mwingine, na labda watu wa Rubongi si wagumu kama wetu.

Leo nikifikiri naona uchovu ule ulianza hapo. Si uchovu wa mwili, watoto hawana huo. Ni ule wa kujiandaa kila mara kwa safari isiyokuwepo, kukunja gauni na kulikunjua. Hadi leo nikiona mtu anapanga viti najisikia mzito.

Bibi aligundua kwa sababu ya sabuni. Alinifuata chumbani akauona mfuko, akamwaga vyote kitandani, akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia siendi, ila baba akija kuniomba safari ijayo wazee wakimkubalia sitaki kuchelewesha gari. Akaniuliza nani ameniambia baba anakuja kuniomba. Nikamwambia si ndivyo anavyoongea kila siku pale uwanjani. Bibi akaanza kucheka, kisha akaacha. Akakaa kitandani. Akairudisha sabuni ndani ya mfuko mwenyewe, akalikunja gauni vizuri zaidi kuliko nilivyolikunja mimi, akatoka.

Mhadhara uliofuata ulikuwa juu ya mila za heshima. Jua lilikuwa kali, tenti ni ileile moja, mama wakwe wako nyuma ya madarasa. Baba alikuwa amechangamka. Alieleza jinsi watu wa pande hizi, Wapadhola, Wasamia, Wateso na majirani zao wengine, walivyoheshimiana kati ya wakwe, na kwa nini: kwamba umbali ule ulikuwa njia ya kulinda amani ya nyumba mbili. Akaeleza vizuri hata mimi nikaelewa. Kisha akasema kwamba sasa mila hiyo inakwisha. Vijana wa leo wanapanda basi moja na wakwe zao, wanasalimiana, wanakaa sebule moja wakitazama televisheni. Akasema yeye kama msomi hasikitiki wala hafurahi, anaandika tu kinachotokea. Mjomba alipokuwa anageuza maneno hayo alitazama chini.

Nilimsikia bibi kabla sijamwona, kwa sababu watu wa nyuma walinyamaza ghafla. Alikuwa amevuka uwanja wote kutoka jikoni, amevaa kanga yake ya kupikia, mwiko mkononi, unatona mchuzi. Wanawake waliokuwa nyuma ya madarasa walitoka kuchungulia wakajishika midomo. Hakuna aliyemzuia. Alipita katikati ya viti, akaja akasimama mbele ya meza ya baba, hapo ambapo angeweza kumgusa.

Baba alikuwa anatafuta karatasi. Aliinua kichwa, akaona kanga, na hakungoja kuona zaidi. Yule msomi aliyekuwa ametoka kusema mila imekwisha aliruka kiti, akajifunika uso kwa karatasi zake za mhadhara, akaangusha maikrofoni na jagi la maji, akakimbia mpaka nyuma ya gari la chuo akachuchumaa huko. Watu walicheka, hata padri alicheka. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima anakimbia vile kama si nyoka.

Maikrofoni ilikuwa chini, na ilikuwa bado inasikika. Bibi hakuiokota. Alisema akiitazama ile nafasi aliyokuwa amesimama baba, na spika zikabeba.

"Mimi nasikia wewe nasema desturi imekwisha. Sawa. Basi mimi nakuja tuongee kama watu wa sasa. Mtoto yako iko hapa. Kila siku wewe nakuja naongea habari ya watu walikufa zamani, na huyu iko hai, nakaa mbele yako na mfuko. Wewe nataka yeye, ama hapana? Sema leo. Mimi nachoka kungoja."

Kicheko kikaisha. Kila mtu akageuka kunitazama, na mimi nikakumbatia mfuko. Watu wa chuo waliulizana kwa Kiingereza nini kinaendelea. Mjomba Wandera akajifuta jasho, akaenda nyuma ya gari, akachuchumaa huko na baba. Tuliona miguu yao minne chini ya gari. Wakakaa huko muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mihadhara yote. Mjomba akarudi, na kwa sababu alikuwa amezoea, akaokota maikrofoni na kutafsiri.

"Mama, anasema amesikia. Anasema hakuna siku hajataka. Lakini yeye alichukua binti yako kwa hii boma, akamzika Petta. Anasema alikuwa anaogopa. Mtu aliyekuchukulia mtoto, atarudi na mdomo gani kuomba mjukuu? Alikuwa anangoja wewe useme."

Bibi alikuwa bado amegeukia meza. Nilimwona mgongo tu, na ule mwiko.

"Na mimi nangoja yeye," alisema, polepole, si kwa hasira tena. "Baba ndiye nauliza. Kama mimi nasema, watu watasema bibi nafukuza mtoto."

Kisha akageuka. Aliponipita alisema baba aje shule zikifungwa, akasema kama anayeagiza chumvi, akarudi jikoni. Wali ulikuwa umeungua. Wageni walikula hivyohivyo, na nyuma ya gari baba alipelekewa sahani yake.

Mhadhara ule haukuwa na maswali. Wazee walikaa jioni hiyohiyo wakaamua kwamba bibi atoe mbuzi wa kuondoa aibu, maana yeye ndiye aliyevuka, akamtoa bila kubisha. Alikuwa mbuzi wake mzuri mwenye masikio marefu. Wanawake walimsema kisimani mpaka mvua zikaanza, ingawa nilisikia pia mmoja akisema ndiyo siku pekee alipouelewa mhadhara.

Ungedhani nilifurahi. Nilikuwa nimekipata nilichokingoja kwa gauni na sabuni. Lakini kilichobaki masikioni mwangu ni kwamba bibi amechoka. Alisema mbele ya kijiji kizima, kwa spika, kwamba amechoka kungoja niondoke. Hivyo ndivyo nilivyosikia. Tangu siku hiyo nilianza kula kidogo nisimalize chakula chake. Nilifua nguo zangu mwenyewe. Nikiumwa nilinyamaza. Bibi aliniuliza nina nini nikasema sina kitu, naye hakuwa mtu wa kuuliza mara ya pili, basi tukamaliza muhula ule tukiishi kama wageni wawili wenye adabu.

Sasa mimi mwenyewe nina umri wa kuvimba miguu jioni, na najua uchovu wa aina ile. Alikuwa anaona mwili wake unamwacha. Alitaka kuniona nimefika mahali pangu wakati bado ana nguvu ya kuvuka uwanja. Hakuwa amechoka na mimi. Ningependa sana angeniambia hivyo kwa maneno, hata mara moja, tukimenya muhogo. Hakuniambia, na mimi sikumuuliza, na hilo bado linaniuma.

Shule zilipofungwa baba alikuja na gari dogo la kuazima, akiendesha mwenyewe. Hakukuwa na tenti, hakukuwa na bango. Bibi aliniogesha asubuhi kwa nguvu kama anayeosha sufuria, akanipaka mafuta mpaka kwenye kope. Alikuwa bado ananifunga vifungo vya gauni tuliposikia gari kwenye kona. Akaacha kifungo cha mwisho. Akaingia jikoni, akavuta mlango.

Sikuelewa kwamba hatatoka. Nilidhani mbuzi alikwisha kutolewa, aibu imeondoka, mambo ni mapya. Nilisimama nje ya mlango wa jiko nikasema, "Bibi, nakwenda." Nikasema tena. Nikasikia anakohoa, kisha anakisema kile chungu chake kwamba hakichemki haraka. Baba alikuwa uani amegeukia barabara. Mjomba akanishika mkono, akanimalizia kifungo, akanipeleka garini. Desturi ile bibi aliweza kuivunja mara moja tu maishani, na mara hiyo alikuwa ameshaitumia kunitoa kwake.

Nilimtembelea likizo nyingi baadaye, mpaka alipofariki nikiwa sekondari. Baba alikuja mazishini. Alikaa kwenye tenti ya wakwe ambayo mjomba aliisimamisha mbali kabisa, karibu na miti, na jeneza lilipopitishwa alisimama akageuka upande wa pili. Wakati huo alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu mila zinazokwisha.

Haya yote siwezi kumwambia yule dada wa chuo. Anataka msomi aliyewafikia wananchi, na kweli aliwafikia, sikatai. Watu walikuja kutoka mbali kumzika, wengine wakitaja mhadhara wa mwaka gani sijui kana kwamba ni juzi. Lakini mimi nikimfikiria baba simfikirii tentini. Namfikiria Tororo, siku ileile aliyonichukua, tulipokuwa njiani kwenda Petta nikaonyeshwe kwa watu wake.

Tulisimama kula kwenye hoteli ndogo karibu na stendi. Baba alininunulia soda na chapati, akakaa akizungusha kikombe chake cha chai. Alikuwa mtu wa kuzungumza na mamia, na hakujua aanzie wapi na mmoja. Mwishowe akatoa bahasha mfukoni mwa shati, na ndani ya bahasha akatoa picha. Akaishika kifudifudi.

"Akoth, nikuulize kitu. Siku ile bibi yako alipokuja mbele, mimi sikumwona uso. Sijawahi kumwona. Mjomba wako aliniambia tulipokuwa tunamzika mama yako kwamba mama yako na bibi yako ni uso mmoja. Labda alitaka kunifariji, sijui. Tangu siku hiyo picha hii imekaa kwenye bahasha."

Akaisukuma mezani, bado kifudifudi, akatazama pembeni.

"Ni mama yako. Wewe unawajua wote. Tazama uniambie, wanafanana?"

Mimi mama sikuwa namjua. Kwetu hakukuwa na picha yake hata moja. Niliigeuza picha, na aliyekuwa ananitazama alikuwa bibi. Alikuwa hajavimba miguu, hajakunjamana, ana nywele zilizosukwa na kola nyeupe, lakini ni yeye, na macho yale ya kutaka kugombana na sufuria. Nilimtazama kwa sababu asubuhi hiyo sikumwona akiniaga. Kisha nikakumbuka baba anangoja. Nilikuwa mtoto wa kwetu, nilijua mkwe hatazami uso wa mama mkwe, na nilijua kwamba nikisema ndiyo, picha ile itarudi ndani ya bahasha na haitatoka tena.

"Hapana," nikasema. "Hawafanani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba."

Nikaigeuza tena kifudifudi nikamrudishia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunua, akaiegemeza kwenye chupa ya soda yangu, akaitazama mpaka mwenye hoteli akaja kutuambia kwamba chai imepoa, kama tunataka alete nyingine.